Mama Mkwe na Kesi ya Kuleta Watu

Siku vita vilipofika kijijini kwetu, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, mama alikuwa akitwanga majani ya muhogo, na mdogo wangu Wilondja alikuwa akiiba karanga za kuungia. Mama alimchapa mkono bila hata kumtazama. Wilondja alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na bado alichapwa kwa sababu ya karanga. Nilicheka mpaka nikashika tumbo.

Milio ya risasi ilianzia kwenye mashamba ya mihogo.

Mama hakuweza kukimbia, nyonga ilimsumbua. Wilondja alimbeba mgongoni hadi kwenye matete ya ufukweni.

“Nishushe,” mama alisema. “Mimi nabaki kwa dada yangu. Wanaochukuliwa ni ninyi vijana.”

Wilondja hakumshusha.

Mama alimng'ata bega.

Akamshusha.

Sisi wawili tulivuka ziwa, tukaishi kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, kisha tukasikia kuna vibarua vya mkonge Same. Same ilinipokea kwa upepo na vumbi la kujaza kinywa, lakini pia ilinipa Namsifu, binti wa Kipare aliyeshuka mlimani kuuza tangawizi. Nilimuoa, tukapanda wote kwenda kulima kwa mama yake, na Wilondja akatufuata kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, huko ndiko kulikokuwa na chakula.

Tanzania nzima inawatania Wapare kwa kupenda kesi. Nilidhani ni utani tu, hadi nilipomkuta mama mkwe akishtakiana na binamu yake kuhusu mfereji wa maji. Siku ya kusikilizwa walishuka kwa gari moja, wakagawana ndizi za kuchemsha njiani, wakaingia mahakamani kupigana kwa maneno, kisha wakarudi pamoja. Mimi nimetoka mahali ambapo mgogoro wa mpaka unachoma kijiji. Niliwapenda watu hawa kwa kesi zao.

Mimi na Wilondja tulikamatwa siku tuliyopeleka magunia ya tangawizi Same. Hatukuwa na kibali cha kuwa nje ya kambi. Hilo ni kosa, sikatai. Lakini tuliwekwa ndani wiki zikawa miezi, hatukupelekwa kwa hakimu yeyote, na kila mara tuliambiwa tutarudishwa Kongo.

Mama mkwe alikuja na makande kwenye hotpoti, amevaa kitenge chake cha kanisani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Umekonda. Tumeshapata wakili. Anaiomba Mahakama Kuu iwaamuru hawa wawalete mbele ya jaji, waeleze wanawashikilia kwa sheria gani.”

“Wakikosa cha kueleza?”

“Mnaachiwa. Hiyo kesi ina jina la Kizungu refu, mimi naiita ya kuleta watu.”

Wilondja alikuwa ameshaingia kwenye makande. “Mama, mimi sijawahi kuona karatasi ikimshinda mwenye bunduki.”

“Hujakaa na Wapare vya kutosha,” alimjibu, akamwongezea.

Basi kesi ikafunguliwa kwa majina yetu sote wawili, na tarehe ikapangwa. Kabla haijafika, Wilondja aliletewa habari kwamba kwetu kumetulia na mama anaumwa. Aliwaambia walinzi kwamba anakubali kurudishwa. Nilimsihi amsubiri jaji. Niligomba, nikalia, nikamtukana.

“Kaka,” alisema, “wewe una mke anayekungoja huko nje. Mimi anayeningoja ni mama.”

Asubuhi walimpandisha gari. Alinipungia mkono akitabasamu, na mpaka leo lile tabasamu linaniudhi.

Mahakamani jaji alisoma majina mawili. Aliuliza wa pili yuko wapi, akaambiwa amerudi kwao kwa hiari yake. Akauliza mimi nashikiliwa kwa shtaka gani. Wakili wa upande wa pili alipekua majalada yake kwa muda mrefu. Hapakuwa na shtaka. Jaji aliamuru niachiwe siku hiyohiyo, nikaombe kibali changu nikiwa nyumbani. Mama mkwe alipiga makofi, akakemewa na karani, akaendelea kidogo.

Nilikuwa huru, na nilifurahi, sitaki kudanganya. Wilondja alipiga simu mara moja. Alikuwa amemkuta mama, na alikuwa anampikia uji mbaya ambao mama alikataa kuunywa. Tulicheka.

Kisha mapigano yalirudi.

Simu haikupatikana.

Jirani yetu wa zamani alipovuka ziwa ndipo alipotuambia. Wote wawili walikuwa wamekufa, wakazikwa njiani na watu wasiowajua.

Tuliweka matanga mlimani bila miili. Watu ambao hawakumjua mama yangu walikuja na kuni na maharage, wakalala kwetu. Wakili naye alipanda, viatu vimejaa udongo, akaketi mkekani na wanawake. Mama mkwe alimsogelea.

“Wakili, na huyu Wilondja aliyebaki kule, kesi yake tunaifungulia wapi?”

“Hakuna mahali, mama.”

Nilimjua mama mkwe. Nilisubiri abishe, ataje mahakama ya juu zaidi, aulize nauli ya kufika huko. Hakubisha. Alikuja kukaa karibu yangu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake nikamwona akilia.