Milimita Nne za Dokta Habonimana

Zena hakuwa mtu wa kusahau. Wenye maduka ya Kasulu walimjua: ulichompunja mwaka juzi atakukumbusha leo, huku anatabasamu na jicho lake liko kwenye mizani yako. Lakini kwa Habonimana hakupunjwa kilo. Alipunjwa heshima.

Miaka sita nyuma alikuwa akitoka Kumsenga na maharage yake kuuza Kibondo mjini. Gego la chini lilipoanza kumtesa, akaenda kwa Habonimana, mwenye kliniki ya meno. Gego halikung'olewa. Lilitobolewa, mishipa ikatolewa, kisha mzizi ukasuguliwa kwa faili. Faili ya meno ni sindano nyembamba yenye mikato kama ya skrubu, na kishikio cha plastiki cha rangi. Ile iliyoingia kwa Zena ilikuwa imetumika hadi mikato yake imefumuka. Ikakatikia ndani. Zena alisikia "tk", akaona mkono wa daktari umeganda hewani.

"Tulia mama, tumemaliza," alisema Habonimana, akaziba juu.

Miezi saba shavu likavimba na kunywea, likavimba tena. Alirudi mara tatu. Mara ya tatu benchi lilikuwa limejaa watu, na Habonimana akasimama mlangoni akasema kwa sauti, "Huyu tena! Mama Shavu! Unatafuna miwa kutwa, halafu unasingizia waganga." Benchi likacheka. Kabla soko halijafungwa, jina lilikuwa limefika kwenye meza yake ya maharage. Hata mwalimu wa mwanawe alimwita hivyo, bila kujua kama anamtukana.

Kasulu ndiko alikopata jibu. Nadine, daktari wa meno, alimpiga picha, akamwonyesha uzi mweupe chini ya mzizi. Jino halikuokoleka. Lilipong'olewa na kupasuliwa, kikatoka kipande cha chuma cha milimita nne. Zena akakiomba, akakitia kwenye kichupa cha dawa ya macho. Hakuenda kushtaki. Aliuliza tu:

"Hivi vidude mnavinunua wapi?"

Vilitoka Mwanza, kwa kuagizia, na kusubiri wiki mbili. Zena akauza maharage yote, akaleta boksi moja. Likaisha. Akafungua duka hapo Kasulu, akaongeza vijiti vya karatasi vya kukaushia mzizi, vijiti vya mpira wa rangi ya waridi vya kuuzibia, na ile dawa ya kusafishia inayonuka kama jiki. Shule ya meno hakuiona. Alimhoji kila mteja hadi mteja akachoka: hii kazi yake nini, ikichakaa inaonekanaje? Baada ya miaka mitatu, kuanzia Kasulu hadi Nyabibuye, karibu kila anayesafisha mzizi ananunua kwake.

Na dukani palikuwa na sheria moja. Hupewi faili mpya mpaka urudishe kuukuu. Anaipima kwa rula ya chuma: milimita ishirini na tano kutoka kishikio hadi ncha, kumi na sita za mikato. Kisha anaikata kwa koleo mbele yako. Watu walidhani ni ubahili. Zena alikuwa ametega, anasubiri.

Habonimana alikuja Jumanne moja asubuhi, baada ya muuzaji wake wa Kibondo kufunga duka. Hakumtambua.

"Mwakeye, mama. Nataka pakiti moja, faili sita. Nina wagonjwa watatu, meno yako wazi, nimeyaziba kwa pamba tu."

"Mwakeye, Dokta. Kuukuu ziko wapi?"

Sheria ya duka alikuwa ameisikia; akamwaga sita juu ya kaunta. Zena akazipima polepole. Ya tano akairudia. Ncha yake iling'aa kuliko mwili.

"Hii umeichonga kwa tupa."

"Ndivyo ilivyotoka kiwandani."

Deborah, muuguzi Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, alikuwa akisubiri zamu yake. Akainama juu ya rula. "Munganga, iko mufupi! Hata mimi naona."

"Mikato ni milimita kumi na mbili," Zena alisema. "Nne ziko wapi?"

"Ilikatikia kwenye beseni."

"Beseni lina jina?"

Wateja wawili wa nyuma wakacheka. Habonimana akatazama pakiti mpya rafuni, akatazama mlango.

"Mpigie simu mwenye jino," Zena alisema. "Weka sauti kubwa. Ukimaliza nakuuzia. Hutaki, wagonjwa wako wasubiri Mwanza."

Alisimama pale akijifuta shingo. Mwishowe akapiga.

"Mwalimu Anania... lile jino lako. Kuna kipande cha faili kimebaki ndani."

Sauti ikapanda kwenye simu. "Kimebaki? Miezi minne unaniambia natafuna miwa!"

"Mwalimu, njoo Kasulu kwa Nadine," Zena alisema kwa sauti ya kusikika. "Gharama ni za Dokta. Yuko hapa, anakubali. Si ndiyo, Dokta?"

"Ndiyo," alisema Habonimana.

Zena akatoa kichupa, akakikung'uta juu ya rula. Kipande kikalala kwenye alama ya nne.

"Hiki nacho ni chako. Mimi ndiye Mama Shavu."

Uso wa Habonimana ukamshuka. "Dada yangu, nisamehe."

"Hiyo siuzi hapa. Nauza faili. Mbili kwa wiki, na uje mwenyewe. Ukituma mtu, harudi na kitu. Barabara ya lami ipo, huna kisingizio."

Mpaka leo kila Jumanne Habonimana anapanda basi kutoka Kibondo. Wateja wamejifunza kuja siku hiyo hiyo, hata wasio na cha kununua. Deborah ndiye aliyeanza: "Milimita amefika!" Sasa hata stendi ya Kibondo wanamwita hivyo. Zena hajawahi kulitamka jina hilo. Anamsukumia tu rula juu ya kaunta, aishike kwa mkono wake, apime, asome kwa sauti.

"Sijasikia, Dokta. Rudia."