Leso Yangu Tumboni pa Mbwa

Mbwa wetu alianguka asubuhi moja ya mvua, mlangoni mwa jikoni, alipokuwa anakuja kudai chai yake. Chai ya maziwa iliyobaki kwenye sufuria ilikuwa haki yake, na mimi ndiye niliyemzoesha, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sikuwahi kumpenda. Alipinda kichwa upande wa kushoto, miguu ikatawanyika juu ya vigae, akalala. Akajaribu kuinuka, akaanguka tena upande uleule. Macho yalikuwa yanakimbia, kushoto kulia, kushoto kulia, na mwenyewe hatazami kitu. Amezeeka, nikajua siku yake imefika. Nikamwita mume wangu.

Alitoka bafuni na povu la sabuni shingoni, akapiga magoti kwenye vigae na suruali yake ya kazini. Mwanamume huyu mgongo humuuma ukimwomba aokote rimoti! Alimpakata mbwa kifuani, akawa anamnong'oneza maneno ambayo sikuyasikia. Nilisimama pale na mwiko mkononi.

Daktari wa mifugo tuliyempelekea, kule mtaa wa Bugolobi, alikuwa mtu mnene asiye na haraka. Alimmulika masikio, akamgeuza kichwa taratibu, kisha akatabasamu.

"Nyinyi mulifikiri anakufa? Hapana. Hii iko kizunguzungu ya uzee. Ile kitu ndani ya sikio inasaidia yeye kusimama, imevurugika. Siku ya kwanza ni mbaya, halafu anapona porepore."

Akatupatia dawa ya kuzuia kutapika, na masharti juu yake. Alale mahali pasipoteleza, taa iachwe ikiwaka, alishwe kwa mkono. Na asibebwebebwe. "Ukibeba yeye kila saa, miguu inasahau chini iko wapi. Pitisha kitambaa chini ya tumbo. Yeye atembee, wewe shika tu."

Kitambaa. Nyumbani kwetu kuna mashuka, taulo, na mapazia ya zamani yasiyo na kazi. Mume wangu alifungua kabati, akapita hayo yote, akatoa leso yangu nyekundu ya kujifunga. Alininunulia leso hiyo nilipojifungua kifungua mimba wetu, akaileta mwenyewe hospitali, ikiwa na pacha yake kama leso zinavyouzwa. Moja nilimbebea mtoto mpaka ikachanika. Hii ya pili nilikuwa nimeitunza.

"Hiyo?" nikamuuliza.

"Ndiyo laini," akasema, na ilikuwa kweli, na ukweli huo ulinichoma.

Basi ikawa kila asubuhi, kabla ya umande wa mtaa wetu wa Ntinda kukauka, mume wangu yuko uani ameinama, ameshika ncha mbili za leso yangu juu ya mgongo wa mbwa. Mbwa anakwenda mshazari na kichwa kimepinda, mume wangu naye mshazari nyuma yake. Jirani yetu Mkongomani, mama anayeuza vitenge, aliegemea ukuta wake akafurahia sinema.

"Mama, sasa muko bibi wawili! Ule mudogo ana miguu ine!"

Nilicheka. Ningefanya nini? Lakini neno hilo halikunitoka. Mke mwenza wangu alikuwa analishwa maini kwa vidole, yeye aliyekula ugali wa posho na dagaa miaka yote. Zulia la sebuleni lilihamishiwa kwake ili asiteleze. Duka la vipuri, ambalo mume wangu hafungi hata Krismasi, likafunguliwa saa nne, siku nyingine saa tano. Nilipougua malaria mpaka nikawekewa dripu, huyuhuyu alinitumia papai kwa bodaboda. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema. Mimi katika dhiki yangu lililonifaa ni papai.

Nilimwonea wivu yule mbwa, wivu hasa, wa kunifanya nigonge sufuria.

Jumapili mume wangu hakwenda kanisani. Kinamama wa chama chetu, wengi wao Wakenya waliohamia huku kama sisi, waliponiuliza, nilijibu kwa mkato kwamba ana mgonjwa nyumbani hawezi kumwacha. Sikufikiria neno hilo litakwenda wapi. Kwetu mgonjwa haachwi bila kutazamwa. Kesho yake jioni wakaingia langoni, wamejifunga vilemba, na sukari, na unga, na mkungu mzima wa matoke. Walidhani ni mama mkwe kaletwa kutoka Kenya.

"Mgonjwa yuko wapi?" mwenyekiti akauliza kwa sauti ya chini.

Mume wangu akawaonyesha kwa mkono. Mgonjwa alikuwa amelala kwenye zulia langu, amefunikwa leso yangu, ulimi nje. Mmoja wao, anayeogopa mbwa, alishapanda juu ya kochi. Halafu mwenyekiti akasema, "Kiumbe ni kiumbe," akaomba kutoka mbali kidogo, sala fupi, na mume wangu akaitikia amina kwa nguvu kuliko sisi sote.

Nilipowasindikiza, mwenyekiti alinishika kiwiko. "Na wewe, mama, ulilazwa tukaja kusikia umesharudi nyumbani. Si ungetuambia hata tukuletee uji?"

"Nilikuwa sawa," nikamwambia. "Sikutaka kusumbua watu."

Haukupita muda, mzigo wa mume wangu ukakwama mpakani Malaba, ikabidi asafiri. Aliniachia maagizo utadhani ananiachia mtoto mchanga. Alipoondoka nikaichukua leso, nikaipitisha chini ya tumbo la mke mwenza, tukatoka uani wawili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Sikutegemea uzito ule. Alitangatanga hatua kadhaa, kisha akaniegemea mguuni, mwili wote, bila haya, akashusha pumzi. Hakuona vibaya kunisumbua. Nilisimama nikamshika, na sikutaka kumwachia. Hapo nikaelewa mume wangu alikuwa anapata nini huku uani kila asubuhi.

Nikakumbuka ile malaria. Alikuja, alisimama kando ya kitanda na funguo za duka mkononi, akaniuliza, "Nifunge leo?" Nikamwambia nenda, niko sawa. Nikageukia ukutani, nikangoja akatae. Hakukataa. Mpaka leo namdai kukataa kule. Wivu haukuniisha, ila sasa nilimwonea mbwa kwa kitu kingine: yeye alijua kuanguka mbele ya mtu.

Mume wangu alirudi jioni ya pili. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya jikoni, mbwa miguuni pangu, leso begani. Lango lilipolia, mbwa aliinuka mwenyewe. Nilinyoosha mkono, nikachelewa. Akaenda, kichwa kimepinda, akivutwa upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo moja, akavuka ua wote bila kuanguka. Mume wangu aliangusha mfuko, akamkumbatia palepale langoni, akalia waziwazi.

Nikabaki kwenye ngazi, kijicho kikinila.

Baadaye alikuja akasimama mbele yangu, anafuta macho kwa mkono wa shati. "Mbona huinuki? Umechoka?"

Niko sawa. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni, nimelisema tangu tuoane. Nikalimeza, nikamnyooshea mkono.

"Niinue."

"Ni magoti?"

"Hapana. Magoti ni mazima."

Alinitazama kidogo, asielewe. Kisha akainama, yeye na mgongo wake, akanishika kwa mikono yote miwili. Nikamwachia uzito wangu wote, hata ule ambao ningeweza kuubeba mwenyewe.