Miezi Mitano Bila Hedhi

Apiyo alikuwa na miaka thelathini na mmoja hedhi yake ilipokatika. Mwezi wa kwanza hakujali. Wa tatu ulipopita, alimnong'oneza mumewe Fabian, fundi wa kuchomelea vyuma: "Nadhani Mungu ametukumbuka." Walikuwa wameishi miaka sita bila mtoto. Fabian hakuweza kunyamaza. Alimwambia mamake, na nusu ya uso wa mama ikatabasamu.

Nusu nyingine ilikuwa imekufa ganzi. Mafuriko ya Ahero yalikuwa yamebomoa nyumba yake, na kabla maji hayajakauka akapigwa na kiharusi. Wakamleta Kisian, kwenye vyumba vyao viwili. Apiyo ndiye aliyemwosha, akamgeuza, akamlisha, kisha akakimbilia soko la Kibuye kuuza mapazia ya mitumba. Asubuhi chai ya rangi. Mchana andazi moja, akila amesimama. Jioni samaki alikuwa wa mama na Fabian; yeye alijipakulia ugali kidogo na mchuzi, akisema ameshiba. Hata akilala, sikio moja lilibaki kwa mgonjwa. Sketi zake sasa alizifunga kwa pini, na hakujiuliza ni mja mzito gani huyo anayekonda.

Mwezi wa tano alikwenda kliniki. Muuguzi, Naeema, alipima mkojo mara mbili.

"Dada, huna mimba."

"Haiwezekani. Miezi mitano!"

Naeema alimpandisha kwenye mizani, akamtoa damu ya vipimo vingine, kisha akauliza taratibu, "Jana ulikula nini?"

Apiyo alifungua kinywa kujibu, akalia, kisha akamweleza yote, hata habari za mama mkwe anayemuuguza.

"Mwili ukikosa chakula, na mawazo yakaulemea kila siku," Naeema alisema, "unaweza kusimamisha mambo ya uzazi ili wewe uishi kwanza. Tutaangalia na sababu nyingine. Lakini lazima ule. Na huyo mgonjwa, hakuna wa kukusaidia kumtunza?"

Nyumbani alimweleza Fabian. Fabian alisikiliza akiangalia sakafu, kisha akatoka nje. Mama, kitandani, alikuwa amesikia yote.

Jioni ile Apiyo alipompelekea kijiko, mama alifumba mdomo.

"Mama, kula kidogo tu."

"Nyar Seme," mama alisema kwa shida, akimwita kwa jina la kwao alikozaliwa. Kwa mkono wake mzima akaisukuma sahani ya samaki kifuani pa Apiyo. "Chiem." Kula wewe.

Hakufungua kinywa mpaka Apiyo alipomeza tonge la kwanza, kisha la pili, machozi yakichanganyika na mchuzi. Fabian aliyaona hayo akiwa mlangoni. Kesho yake alimpigia simu dada yake, Adongo, aje amsaidie mkewe kumtunza mama. Sufuria ya maharagwe au dagaa wa omena ikawa haikosekani, na Apiyo akawa anapakuliwa sawa na wengine.

Mama alifariki mwezi wa tisa tangu hedhi ya Apiyo ilipokatika, wakamzika Ahero. Wiki tatu baadaye, akiwa Kibuye anakunja mapazia, Apiyo alihisi maumivu ya kiuno aliyokuwa amekwisha kuyasahau. Hedhi ilikuja siku mbili tu, hafifu. Mwezi uliofuata ikaja siku nne.

Mtoto hajapatikana bado. Naeema hakumwahidi, na Apiyo hakuomba ahadi. Alimwambia Fabian tu kwamba imerudi, na Fabian akamshika mkono.