Weupe wa Dada Elipendo

Gunia la katani lililokaa na nafaka lina harufu yake: vumbi kidogo, jasho kidogo, na kitu kama ugali ulioshika chini ya sufuria. Kila msimu wa kukamua alizeti harufu hiyo hunikuta nikiwa nimesimama mlangoni pa mashine yangu hapa Kinyangiri, na hunirudisha nyuma hata wateja wakiwa wamenizunguka. Nimesema mashine yangu, na nitarudia bila aibu. Niliondoka kijijini hapa na nguo nilizoweza kuzibeba kwapani, nikarudi kutoka Mwanza na stashahada ya uhasibu, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza upande huu kuwekwa vigae sakafuni. Mwenye macho apite barabarani aone. Lakini gunia likifunguliwa karibu na pua yangu, vigae vyote hupotea, nikabaki yule mtoto mweusi wa mzee Yona ambaye wivu kwa dada yake ulimuuma tumboni kama njaa.

Dada yangu Elipendo alizaliwa mweupe, wa kumfuata bibi mzaa baba. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa, na nywele zake zilikubali kitana bila ugomvi. Mgeni akiingia kwetu alimshika kidevu na kuuliza, "Huyu mmemtoa wapi?" Kisha alinigeukia mimi na kuuliza kama kuna maji ya kunywa. Bibi alikuwa na msemo wake: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Alikuwa akiusema kwa ajili ya kuku na vitunguu, lakini mimi niliupokea kama salamu yangu binafsi.

Mtama ulipoanza kukomaa, ndege waliingia mashambani kwa makundi, na kila nyumba ilipeleka watoto kuamia. Wetu ulikuwa ulingo wa miti minne, jukwaa lililopita urefu wa mtu, halina paa. Ukishapanda, ulikaa pale tangu alfajiri na kombeo na madonge ya udongo, ukipiga kelele mpaka sauti ikwaruze, na jua la kwetu Mkalama likikukaanga kichwani taratibu kama karanga. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Elipendo alibaki nyumbani, akachambua mlenda chini ya ukingo wa paa, miguu ameikunja isiguswe na jua.

Siku moja nilimuuliza mama, "Kwa nini dada haendi kuamia?"

"Jua litamharibu."

"Na mimi je?"

"Wewe likufanye nini tena?"

Watu wote walicheka, na baba naye. Mama hakuwa mkali aliposema vile. Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja hali ya barabara. Ndiyo maana iliniingia.

Mwaka huo tukasikia kwamba shangazi Naomi, dada yake baba aliyekuwa akiishi Utemini mjini, anakuja kuchukua binti mmoja. Hakuwa na mtoto wa kike. Binti huyo angelala kwenye kitanda chake peke yake, angesoma shule ya mjini, na jioni angewasha taa kwa kubonyeza ukutani. Hakuna aliyeuliza ni binti gani. Elipendo alikuwa anamaliza darasa la saba, alikuwa mzuri, na shangazi alipenda vitu vizuri. Mama akaanza kumsuka mapema, akampaka samli mpaka shingo ikang'aa. Mimi nilitazama tu, nikirudi na vumbi usoni, nikitamani kile kitanda kuliko nilivyowahi kutamani nyama ya Krismasi.

Nikiwa juu ya ulingo nilifikiri. Kama jua ndilo linaloharibu, na Elipendo ni mweupe kwa sababu anakaa kivulini, basi dawa ninayo. Chini ya ulingo kulikuwa na gunia. Nikapanda nalo, nikajifunika kuanzia kichwani mpaka nyayo, nikakaa kimya humo ndani nikisubiri kuwa mweupe. Nilikaa hivyo siku nzima, na siku zilizofuata. Kulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Kila jioni nilitoa mkono na kuukagua, na nawaambia kweli, niliona mabadiliko. Kelele za ndege nilizisikia. Niliamua kwamba hawawezi kumaliza shamba lote.

Shangazi alifika adhuhuri. Baba alimpokea njiani na kumpitisha shambani akaone mtama wetu. Nikasikia hatua, halafu sauti ya baba: "We Neema, uko wapi?"

Gunia likatikisika.

"Unafanya nini humo?"

"Nakimbia jua, baba. Shikamoo shangazi."

Shangazi alicheka mpaka akakaa juu ya tuta na kitenge chake kizuri. "Marahaba, mama. Sasa umeshakuwa mweupe?"

Nikashuka, nikamnyooshea mkono akague mwenyewe. Akaushika, akaugeuza huku na huku, akaangalia mpaka kwapani. "Bado kidogo," akasema.

Baba hakucheka. Alikuwa ameshika suke la mtama, akalipekecha kiganjani, likatoka makapi matupu. Akavuta jingine. Upande wote wa mashariki ndege walikuwa wamevuna kabla yetu. Mama alipoambiwa alinitazama na kusema, "Tumefuga ndege mwaka huu," na fimbo niliyoisubiri haikuja, kwa heshima ya mgeni.

Tulipokaa kula, Elipendo alipita na birika akiwanawisha watu mikono. Shangazi akamshika kiwiko. "Wifi, mimi nimempenda huyu."

"Huyu hapana, wifi," mama akajibu haraka. "Huyu kuna watu wa ng'ombe wa mahari wameshapita kumuulizia. Mchukue huyo wa gunia. Huyo jua limeshamaliza kazi yake."

Wakacheka tena. Maji ya birika yalimwagika kwenye mkeka. Elipendo alikuwa akilia bila sauti, na mimi nikadhani analia kwa kuniaga.

Basi ndivyo nilivyopata kitanda, shule na taa ya ukutani. Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliondoka asubuhi nimekasirika, kwa sababu mama alikuwa ameulizwa atoe mtoto, akatoa yule asiyemuuma. Elipendo hakutoka kunisindikiza. Nikasema moyoni, anaringa. Nilisoma kwa hasira hiyo. Nilipata cheti, nikaenda Mwanza nikapata stashahada, nikarudi nikajenga, na kila tofali nililisimamisha mama alione.

Mama sasa ni mzee. Nilimtengea chumba chenye vigae na choo cha ndani. Alilala humo juma moja, akasema sakafu inateleza, akarudi kwa Elipendo. Anakuja kwangu kutembea.

Hivi karibuni nilikwenda huko, nikakaa na dada uani tukibambua karanga. Miaka ya jembe kwenye mashamba ya mumewe imemaliza ile rangi ya uji. Tukiweka mikono pamoja, hujui upi ni wa nani. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakunisindikiza.

"Mdogo wangu, mimi nguo nilikuwa nimeshafunga," akasema, mikono haikusimama. "Kila mtu aliniambia naenda mimi. Nilizifunga kwenye kanga ya mama. Mlipoondoka, nilikuwa ndani nazifungua."

Mtoto wa kwenye gunia aliona kivuli akakiita mapenzi. Hakujua kwamba kilikuwa zizi, na kwamba dada alitunzwa kama anavyotunzwa ndama ambaye wanunuzi wameshamwona. Mimi, ambaye sikuwa na cha kuharibika, niliachiwa lango wazi.

Nililielewa hilo nikiwa nimekaa pale, na kiganja kimejaa maganda. Kisha mama akaita kutoka ndani, kwa sauti yake iliyochoka, "Elipendo." Dada akainuka, akapangusa mikono, akaenda. Na mimi, pamoja na mashine yangu na stashahada yangu, nikabaki nimetega sikio kama lingefuata jina langu.