Injinia Mulwa na Kipande cha Ngozi

Mulwa aliachishwa kazi serikali ilipokuwa ikipunguza watu, miaka ile ya tisini, akarudi kwake Mumbuni na vitu viwili: mkoba wa ngozi na jina la Injinia. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya vipuri, lakini mtu aliyegawa spana maisha yake yote, nani atamkataza? Kila asubuhi aliubeba mkoba hadi mjini kusoma gazeti la mwenzake. Hakuna aliyewahi kuuona ukifunguliwa.

Ndipo Mzee Tariq, rafiki wa marehemu babake, akafunga duka lake la petroli. Uani kulikuwa na pampu ya zamani, ndefu kuliko mlango, yenye mpini wa kuvuta kwa mkono na kioo juu ambamo petroli ilionekana ikipanda. Mulwa aliitamani tangu akiwa na kamasi puani.

"Chukua," Mzee akasema. "Lakini Idi ikiisha nitapita kwako. Ipandishe hata maji tu hadi kwenye kioo. Isipopandisha, naondoka nayo. Sikupi pambo."

"Mzee, unaongea na injinia."

"Babako aliniambia ni stoo."

Mulwa alifanya kazi, hilo tusimnyime. Alisugua kutu kwa msasa hadi vidole vikafanana na vya mchoma makaa. Akapaka rangi nyekundu, akarudia, akampaka na mbuzi aliyekuja kuchungulia. Majirani wakaanza kuleta mitungi wakiulizia mafuta ya taa. Tumboni mwa pampu alikuta kipande cha ngozi, cheusi, kinanuka, kimejikunja kama sikio la mbwa mzee.

"Uchafu wa miaka mingi," akasema, akamtupia mbwa.

Mzee Tariq alikuja na pikapu. Mulwa, tai shingoni na mkoba kwapani, alitumbukiza bomba la pampu kwenye pipa la maji, akashika mpini mbele ya majirani wote, akavuta.

Fyuuu.

Akavuta tena. Fyuuu.

"Inapumua," mkewe Nduku akasema. "Labda ina pumu."

Mzee akachungulia ndani. "Ngozi yake iko wapi?"

"Ngozi gani, Mzee?"

Watu wote wakamtazama mbwa. Mbwa akatazama pembeni.

"Ile ndiyo inayovuta maji. Hapa umeuvalisha mkebe nguo ya harusi." Akamwashiria dereva. "Leta gari nyuma."

Mulwa akaubana mkoba kifuani. "Mzee, ngoja kidogo! Ngozi yoyote si itafanya?"

"Iwe nene tu, ilowe mafuta."

"Haki sina ngozi hapa."

"Iko, Baba Ndinda," Nduku akasema. "Umeikumbatia."

Mulwa akautazama mkoba, akaitazama pampu. Pikapu ikazidi kurudi nyuma. Akaufungua mkoba, uso ameugeuzia ukuta. Ndani: kichana, nusu ya andazi, na spana mpya kabisa, haijawahi kukaza nati hata moja.

Mzee alikata duara, akalichovya mafuta kwenye sufuria ya Nduku, akamwambia Mulwa alitie mwenyewe. Mpini ukavutwa. Pampu ikakohoa, ikatapika kutu, kisha maji yakapanda kwenye kioo. Pikapu ikaondoka tupu.

Kesho yake Injinia alienda mjini na mkoba wake kama kawaida, tundu la duara ubavuni, andazi likichungulia.

"Injinia, mkoba umetoboka!" Kyalo, mpiga viatu rangi, akamwita.

"Kipande chake kiko kazini," Mulwa akajibu.

"Afadhali hicho kimepata."