Kiwambo Ambacho Sikukiona

Siku moja naikumbuka mno, mwanangu, nikisomea utabibu hapa Tabora. Mwalimu alimwinamia mgonjwa na kile kitochi cha kutazamia sikio, kisha akatuita mmoja mmoja. Kitochi kile ni cha jicho moja. Ukichungulia wewe, mwenzako hajui unaona nini, kwa hiyo mwalimu alibaki kuuliza tu, "Kiwambo cha sikio umekiona?" Mimi niliona nta na giza. Lakini wenzangu wote walishaitikia, nami nikaona haya.

"Nimekiona, mwalimu."

Akaniamini, maskini, akamwita mwingine. Nikamaliza masomo kwa jibu hilohilo.

Nikapangiwa zahanati upande wa Urambo. Mama mmoja mkulima wa tumbaku akaja na mapacha wake, Kulwa na Doto. Kulwa alikuwa na homa, analia huku ameshika sikio. Nikachungulia, nikaona giza langu la siku zote.

"Vipi, daktari?" mama akauliza.

"Hamna kitu," nikasema, nikampa dawa ya homa.

Kumbe mle ndani mlijaa usaha. Siku chache baadaye ulipanda hadi kwenye utando wa ubongo. Kulwa hakufa, ila tangu hapo hasikii hata radi ikipiga juu ya bati. Sasa ni mtu mzima. Doto akinikuta njiani huniamkia shikamoo. Kulwa hunipa mkono akitabasamu, hajui ni mimi niliyesema hamna kitu. Sijawahi kumwambia. Nianzie wapi? Na sijui ni wangapi wengine niliowarudisha nyumbani hivyohivyo.

Juzi ulipokuja likizo ulinionyesha ile programu ya kwenye simu mnayojifunzia kiwambo cha sikio. Ndipo kwa mara ya kwanza nikakiona pichani, kimetuna kwa usaha, chekundu, nami nimeshastaafu. Wewe ulikuwa unabonyeza "nimeelewa" chapchap ili upite mbele, hata picha hujaikazia macho. Roho iliniuma, mwanangu, kwa sababu najua unakoelekea.

Basi nisikie. Hujaona, sema hujaona. Sema nionyeshe tena, na tena, hata darasa zima likikucheka. Kicheko kitaisha siku hiyohiyo. Kosa langu mimi haliishi, na wala sitegemei kusamehewa. Mungu akupe uso mkavu wa kuuliza, na kila mtoto utakayemtibu akusikie ukimuaga.