Mtunzi wa Taifa kutoka Rockville

Tito hakuwa mtu wa makuu mpaka alipomsoma Grieg. Siku za kazi alikuwa karani wa bima Rockville, Marekani. Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya ya Waswahili, mpole hata kwa wachelewaji. Kisha akajiandikisha darasa la historia ya muziki chuoni College Park, akakutana na Edvard Grieg, yule Mnorwe aliyezichukua ngoma za wakulima wa milimani akalipatia taifa lake sauti yake. Basi, kwisha habari yake. Ukurasa uliosema kwamba baba wa babu yake Grieg alitoka Uskochi, na kwamba muziki wenyewe Grieg aliusomea Ujerumani, Tito aliupita haraka haraka.

Grieg alikuwa na kibanda cha kutungia kando ya maji. Tito akatoa makoti kabatini, akaingiza kinanda, akajifungia humo. Mkewe Anna alipogonga kuomba koti siku ya theluji, alijibiwa kwamba taifa linazaliwa.

Kisha akaigeukia kwaya. "Kuanzia leo noti ya Mzungu haiimbwi hapa. Atakayeileta, atoke."

Wa kwanza kutoka akawa Domina, soprano wao bora, aliyekutwa jikoni mwa kanisa akiimba tenzi ya zamani ya wamisionari huku akikata vitunguu. Hakubishana. Alirudisha joho, akamalizia vitunguu vyake.

Sasa ukatakiwa wimbo safi. Mzalendo wetu aliondoka Mbulu na miaka sita akalelewe na mjomba Dar, na wa kwao hakuujua hata mmoja. Akampigia mama yake. "Mama, niimbie ule ulionilea nao." Mama akaimba kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, akikohoa katikati, na Tito akalia mle kabatini. Alilia kweli, maana aliukumbuka.

Siku ya tamasha alihutubia kwanza juu ya udongo wa mababu hadi watoto wakasinzia. Kwaya ikauimba wimbo wa mama kwa ngoma na njuga, ikamaliza, watu wakainua mikono wapige makofi. Lakini wimbo haukukoma. Nyuma ya ukumbi, kwenye kiti cha magurudumu, Bi Ragnhild, ajuza wa Kinorwe anayetunzwa na Domina, alikuwa akiendelea na ubeti wa pili kwa lugha yake, machozi yakimtiririka.

"Samahani, Mwalimu," Domina akasema. "Client wangu anaujua huu wimbo. Mama yake alikuwa anamlaza nao."

Kwaya nzima ikamtazama Tito. Solomon wa besi, Mkenya asiyejua kuvumilia, akauliza, "Sasa Mwalimu, ni nani anatoka?"

Akatoka Tito, hadi kwenye maegesho, akampigia mama yake kwa hasira. "Mama, umenipa wimbo wa Wazungu!"

"Nimekupa wako," mama akajibu. "Ulizaliwa mimba ina miezi saba, watu wakaniambia hata jina nisikupe. Nesi wa misheni, Mnorwe, akakulaza kifuani pake akawa anakuimbia, kila siku. Mimi nikiwa kitandani nikaushika, maneno nikatia ya kwetu. Uliniomba uliokulea. Ulitaka nikupe upi?"

Tito alikata simu. Alirudi ndani, akalivua joho lake akampa Domina, akapiga magoti mbele ya Bi Ragnhild.

"Bibi, nifundishe ubeti wa pili," akamwambia. "Mimi nilipona, mama akaruhusiwa kurudi nyumbani kabla hajaujua huo wa pili."